Hatua za Mjomba na Programu ya Makadirio

Mpwa wangu,

Katika mji huu hakuna ukuta unaothubutu kusimama kabla mimi sijauangalia. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Zile programu mbili za kukadiria vifaa vya ujenzi nimezijaribu. Ya kwanza ilikubali kila nilichoiambia, nikaipenda. Ya pili ilisoma ramani yenyewe, ikausimamisha kwenye kompyuta ukumbi wa shule tunaouombea zabuni. Nikawa natembea humo kama ndotoni, kuta nyepesi kama ukungu, jua likimwagika madirishani. Kisha ikadai matofali elfu nne. Mimi nilishakadiria elfu tano!

“Mchoyo huyu,” nikasema.

Fundi mkuu akacheka. “Bosi, zabuni tatu zimetuponyoka kwa makadirio yako manene. Tukiikosa na hii, tunatawanyika.” Akavuta futi kamba kiwanjani, kigingi hadi kigingi. Programu ilikuwa sahihi. Basi nimechagua hiyo ya pili.

Sababu nakupa wewe tu, mama yako asisikie. Miaka thelathini napima viwanja kwa kuhesabu hatua zangu. Ng'ombe hazeeki maini, mpwa wangu, ila hatua zangu zimefupika.

Mjomba wako,
Simba wa Saruji