Moto Juu ya Elgon

Alhamisi, 17 Februari 1949. Kitale.
Nimemaliza kupiga pasi. Nimekaa nyuma ya nyumba kutazama mlima, kama kila jioni tangu mume wangu Wanjala ahamishiwe stesheni ya Bungoma. Ule mstari mwekundu upo tena, juu kabisa. Jana ulikuwa mwembamba kama uzi. Leo umepanuka, na nyota zilizo juu yake zimefifia kwa moshi. Sokoni wanasema mlima unaamka. Ati zamani ulitapika moto. Mama anaishi huko, juu ya Endebess, peke yake na ng'ombe wake. Naogopa.

Jumamosi, 19 Februari.
Wanjala amefika kwa basi. Vumbi mpaka kwenye kope. Kwa furaha nimesahau chumvi kwenye mboga. Tumekaa nje. Amenionyesha Kilimia, kile kishada cha nyota, kikining'inia juu ya ule wekundu. Anasema kule Bungoma wanaona moshi tu, mchana. "Si ni nyasi tu, bana." Mkono wake begani mwangu. Nimemwamini nusu.

Jumapili, 20 Februari.
Ardhi imetikisika. Kidogo tu, lakini vikombe viligongana. Wanjala akasema, "Kesho twende tumchukue mama." Kazini watamgombeza. Wagombeze, anasema.
Mkwe na mama mkwe! Desturi yetu hairuhusu hata watazamane. Tangu tuoane hawajawahi kukaribiana. Na sisi tuna chumba kimoja. Nampenda sana mtu huyu.

Jumanne, 22 Februari.
Jana sikuweza kuandika.
Lori mpaka Endebess, halafu miguu. Huko juu milio kama ya bunduki. Nilidhani mlima unapasuka. Tukakutana na askari wa msitu, uso mweusi kwa masizi. "Mlima umelala, mama. Ardhi kutikisika ni kawaida huku. Hiyo ni mianzi inapasuka. Mrina asali aliacha moto." Lakini moto ulikuwa unashuka kweli. Akatuambia tufanye haraka.
Mama alikuwa ameshamfungua ng'ombe. Alipomwona Wanjala akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta. "Mwambie mkwe arudi. Ni aibu."
Wanjala naye akageukia ua. "Mwambie mama moto hauna adabu."
Nikasimama katikati yao nikikohoa, nikipeleka maneno ambayo wote wawili walikuwa wameshayasikia. Nilitaka kucheka. Nilitaka kulia.
Kwenye kijito mama akateleza. Mguu ukavimba pale pale, hakuweza kukanyaga. Wanjala akachuchumaa mbele yake bila neno, akampa mgongo. Mama akalia. Kisha akapanda, uso bado ndani ya kanga. Mimi nikamvuta ng'ombe. Giza lilipoingia cheche zilipaa nyuma yetu hata nisijue ipi ni cheche, ipi ni nyota.

Ijumaa, 25 Februari.
Nyumba ya mama imeungua. Habari imeletwa asubuhi. Hakulia. Amekaa akisugua ule mguu.
Wanjala analala kwa jirani, ng'ombe naye amefungwa huko huko. Jioni mama ameniomba nimwongoze mpaka kwa ng'ombe. Amekamua mwenyewe, akaweka kibuyu cha maziwa mlangoni kwetu, akachechemea ndani kama mwizi. Wanjala akanywa amesimama, mgongo mlangoni. Akasema kwa sauti, kana kwamba anaongea na barabara, "Maziwa matamu."
Ndani mama akatabasamu. Nimemwona.

Jumatano, 2 Machi.
Wanjala amerudi Bungoma jana. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.
Leo mvua, ya kwanza. Mlima hauonekani, wala moto wala nyota. Nimemuuliza mama kama anataka kurudi kule juu. Akashangaa swali lenyewe. "Mkwe atanijengea. Mimi nitajificha tu."
Sasa amelala kitandani kwangu, mguu juu ya mto. Nywele zake bado zinanuka moshi. Nazima taa, nijisogeze karibu naye.