Kamba Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 10 Mfungo Sita

Kuku ametaga tena chini ya kitanda changu. Yai la tatu tangu Ijumaa. Simfukuzi. Tumebaki wawili humu chumbani mchana kutwa, na yeye angalau ana kazi.

Miezi miwili na siku nane ya eda. Bado miwili na siku mbili. Sitoki, sijipaki manukato, sivai rangi, na hapa kisiwani Chula watu hawapendi mwanamume wa nje aisikie sauti ya mjane wa eda. Nimechoka. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Baba alinifundisha herufi ili ninakili maulidi. Hakujua nitazitumia kumshtaki kuku.

Nyuma ya ukuta huu umesimama mtepe, chombo cha kushonwa, wa marehemu mume wangu, Athumani. Haujaisha. Alishona mbao nne kila upande kutoka chini, akaugua siku sita, akaenda. Mtepe hauna msumari. Mbao hushikana kwa kamba za makumbi ya nazi, na kamba zote za mtepe ule nilizisokota mimi. Leo mdogo wake, Shee, ameanza kuumalizia. Nasikia nyundo yake ya mti. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Jumatano, 12 Mfungo Sita

Maulidi. Nimeyasikiliza dirishani. Jirani amechoma udi na upepo umeuleta wote kwangu. Kujifukiza nimekatazwa. Kunusa udi wa jirani sijaambiwa kitu. Nimekaa pale pale mpaka ukaisha.

Ijumaa, 14 Mfungo Sita

Wifi yangu Maryamu, dada yao Athumani na Shee, ameniletea mkate wa mofa ungali moto, na maneno yake kama kawaida. Kismayu wanasema Waingereza wataondoka na Wataliani watakuja. Mwanangu Omari yuko huko, baharia kwenye chombo cha watu. Ametuma salamu. Mtepe ukiisha atarudi, yeye ndiye nahodha wake. Baba yake alikwisha sema hivyo mbele za watu.

Maryamu alipoondoka nikala mofa peke yangu na asali kidogo. Nilikula polepole. Zamani nilikuwa nakula nimesimama, mkono mmoja na chakula, mmoja na kamba. Miaka ishirini na sita sijawahi kujua kwamba ganda la mofa lina ladha yake mbali na ya ndani.

Asubuhi jua huingia kwa ufa wa dirisha na kuchora mstari ukutani. Huanzia karibu na paa, hushuka, hufika kwenye msumari wa kofia ya Athumani. Likifika pale, Shee anaanza kazi. Naanza kupenda kulingoja.

Jumatatu, 17 Mfungo Sita

Kuna jambo.

Kamba ikikazwa kwenye mbao kwa kijiti, hulia. Kamba nzuri ina mlio mwembamba, kisha kigingi hupigwa tundu lizibwe. Nimelala na mlio huo, nimeamka nao, nimezaa nao. Athumani alikuwa anaipiga kwa ukucha, anaweka sikio, anasema "Haya." Hakunisifu maishani ila kwa neno hilo moja.

Leo Shee ameanza kushona mbao ya tano, na mchana kutwa kamba hailii. Kijiti kinazunguka, kimya. Kisha nyundo.

Nilitega sikio mpaka jioni. Sikosei.

Jumanne, 18 Mfungo Sita

Nimejua. Sikulala kwa kufikiri, lakini nimejua.

Bandani mna mafungu mawili ya kamba. Moja ni kamba ya makumbi yaliyofukiwa pwani mwaka mzima, yakaoza sawasawa, yakapondwa, nikasokota. Hiyo ni ya chombo. La pili ni kamba ya makumbi ya miezi miwili tu. Ngumu, nzuri kwa macho, na ya vitanda. Ikilowa inarefuka. Tulizoea ya chombo kuwekwa mkono wa kushoto ukiingia. Basi. Hatukuweka alama, nani angekosea?

Siku ya msiba wanaume walitoa kila kitu bandani ili wageni wapate kukaa. Jioni wakarudisha. Wamerudisha vyovyote. Na Shee anajua mkono wa kushoto.

Kwa nini asije kuniuliza? Kwa sababu ana adabu. Mjane wa eda hasumbuliwi na mambo ya kazi. Na mimi kwa nini nisimwambie? Kwa sababu nami nina adabu. Adabu zetu mbili zinamshonea mwanangu kaburi.

Nimeandika neno hilo na sitalifuta.

Alhamisi, 20 Mfungo Sita

Nimemwambia Maryamu. Amenitazama kama mtu mwenye homa. "Weye umo edani. Mambo ya chombo waachie waume. Mchu wa eda ana kazi gani na nyundo?"

Nimemsihi. Amekubali kwa shingo upande.

Mvua kidogo alasiri. Harufu ya makuti yaliyolowa. Hata kwa hasira nimeinusa.

Ijumaa, 21 Mfungo Sita

Maryamu amefikisha, kwa namna yake. Amemwambia Shee kwamba nina huzuni nyingi na nasikia sauti. Shee amesikitika sana. Ameniletea msahafu wa herufi kubwa.

Nimecheka mpaka kuku akatoka.

Jumapili, 23 Mfungo Sita

Kumwandikia Shee hakufai, hajui herufi. Wazo jipya. Chini ya kitanda changu kuna mzingo mmoja wa kamba ya chombo, nilikuwa nikiishika tu wakati wa usiku. Nimekata kipande. Nimeandaa samaki wa kupaka, nikapika mwenyewe humu ndani kwenye seredani, nikaweka kile kipande juu ya sahani, nikafunika kawa. Maryamu amempelekea Shee na mwenzake Lali. Fundi wa mtepe akishika kamba ile ataelewa.

Samaki ametoka vizuri kuliko siku zote. Tui la kwanza tupu, ndimu, pilipili mbichi. Nilisahau kwa nini ninapika. Kwa saa nzima nilikuwa mwanamke anayepika samaki.

Jumatatu, 24 Mfungo Sita

Sahani imerudi imelambwa. Shee ametoa shukrani. Kamba wamemfungia mbuzi.

Jumamosi, 29 Mfungo Sita

Mbao ya sita imekwisha. Bado kamba ni ile ile. Nahesabu vigingi kwa masikio.

Najaribu kutulia. Kuna nyakati naweza. Asubuhi, kabla ya nyundo, ule mstari wa jua ukishuka, natulia kweli. Nakumbuka mwaka wetu wa kwanza. Tulikaa uwani tumetazamana, miguu yake imegusa yangu, mimi nasokota, yeye anapokea na kukunja. Hatukusema neno mpaka kahawa ilipochemka ikamwagika motoni. Sikujua kwamba siku ile ilikuwa siku nzuri. Niliona ni siku ya kazi tu.

Kisha nyundo inaanza na narudi kuhesabu vigingi.

Jumanne, 2 Mfungo Saba

Maryamu amekuja na habari njema, anavyodhani yeye. Kesho wanakata kamba za nje.

Ndivyo inavyofanywa. Vigingi vikishaziba matundu, kamba ya upande wa nje hukatwa, mbao inabaki laini, inapakwa mafuta ya papa. Kinachoshika ni ya ndani tu. Kabla ya kukata, mtu anaweza kuchomoa vigingi na kushona upya. Baada ya kukata, kilichopotea kimepotea. Mafuta yatafunika kila kitu, na kila mtu atasema mtepe mzuri.

Sina hamu ya kula. Nimemwachia kuku sahani yangu.

Jumatano, 3 Mfungo Saba

Nimepiga kelele.

Jua lilifika kwenye kofia ya Athumani. Nikasikia Lali akinoa kisu. Nikasimama juu ya kitanda, mdomo dirishani, na nikasema kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo: "Shee! Usikate! Hiyo ni ya vitanda!"

Kisu kikaacha kunolewa. 

Halafu Shee, karibu na ukuta, taratibu kama anaongea na mgonjwa: "Shemeji? Ipi ya vitanda?"

"Uliyoanzia mbao ya tano. Iloweshe uipime."

 Nikasikia maji yakimiminwa. Nikakaa chini. Muda mrefu. Nilisoma kila dua niliyoijua, nyingine mara mbili.

Kisha sauti yake, nyembamba: "Imerefuka shibiri nzima." Na baadaye kidogo: "Niwie radhi. Mimi siyui lolote. Niliona upande wa kushoto."

Nilimwambia si kosa lake. Nilimwambia banda zima limegeuzwa. Kisha nikalia, na nilijua wananisikia, na sikujali.

Alhamisi, 4 Mfungo Saba

Chula nzima imesikia. Maryamu ameingia amekunja uso, ameweka kahawa kwa kishindo.   Halafu akasema mwalimu wa msikitini ameulizwa, naye amejibu kwamba sauti ya haja haina ubaya, na kwamba yeye mwenyewe hupanda vyombo vya Shee. Maryamu akaanza kucheka. Tukacheka wote wawili mpaka kahawa ikapoa. Tukaichemsha upya.

Ameniomba radhi kwa ile habari ya kusikia sauti. Nimemwambia alisema kweli. Nilikuwa nasikia sauti.

Alhamisi, 11 Mfungo Saba

Wanachomoa. Kazi ya kuchukiza. Kigingi kimoja kimoja. Kila asubuhi Shee anapiga ukuta mara mbili kwa nyundo kabla ya kuanza. Nami napiga mara mbili kwa mwiko.

Kamba nzuri hazitatosha. Nyingine wameshazikatakata wakidhani ni za vitanda. Ameuliza kupitia kwa Maryamu kama makumbi yapo. Yapo. Niliyafukia mimi mwaka jana karibu na mwamba, Maryamu anapajua. Wameyafukua. Yananuka vibaya ajabu. Wameyaleta mpaka mlangoni.

Edani nimekatazwa mapambo. Kazi ya mikono hakuna aliyenikataza.

Jumatatu, 22 Mfungo Saba

Nasokota. Tangu asubuhi mpaka alasiri, pajani, kiganja juu ya kiganja. Ngozi imechubuka, kisha imezoea. Naimba chinichini. Kuku analala juu ya makumbi na ameacha kutaga, ana joto la kutosha na maisha bora kuliko mimi.

Leo nimegundua kwamba tangu juzi sijahesabu siku zilizobaki.

Jumatano, 24 Mfungo Saba

Kamba inalia. Mlio mwembamba, nyuma ya ukuta, mchana kutwa. Niliacha kazi nikasikiliza, nimefumba macho. Nilimkumbuka Athumani sana, lakini si kwa namna ya kuchoma. Ilikuwa kama kumngoja mtu aliye uwani.

Alhamisi, 3 Mfungo Nane

Wameushusha mtepe majini. Sikuuona. Nilisikia watu wakivuta na kuitikiana, magogo yakilalama mchangani, halafu vigelegele, Maryamu juu ya wote. Omari amefika juzi. Aliingia chumbani, akaubusu mkono wangu, akashika viganja vyangu akavigeuza, akavitazama. Amekonda. Amefanana na baba yake anapokunywa kahawa.

Kesho baada ya swala ya Ijumaa wanaondoka kwenda Kismayu na makuti na samaki wakavu. Safari ya kwanza.

Mtepe wowote huvuja. Kila safari kuna mtu mmoja kazi yake ni kufuta maji tu, mchana na usiku, kwa kifuu. Nimempa Omari kifuu cha baba yake. Naogopa. Naandika kwamba naogopa, halafu naenda kusokota.

Jumanne, 8 Mfungo Nane

Hakuna habari. Upande wa nyuma ya ukuta sasa ni kimya. Nautamani ule mlio. Mstari wa jua unashuka na hakuna anayeanza kazi.

Kuku ameanza kutaga tena; nimekaanga mayai yake mawili kwa kitunguu. Mazuri sana. Nimemshukuru kwa sauti.

Jumamosi, 12 Mfungo Nane

Nimetoka eda.

Wanawake wameniogesha, wamenivalisha, wamenifukiza udi mpaka nikakohoa. Maryamu amelia kunishinda. Nilipofika mlangoni jua lilinipiga nikarudi hatua moja. Kila kitu kilikuwa kikubwa. Mchanga, watu, mbuzi wa Shee, na ile kamba yangu bado iko shingoni mwake.

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Mahali pa mtepe pamebaki vigogo na vijiti vya vigingi. Shee alikuwa anafagia. Alipoona ni mimi akaangalia chini, akasema, "Shemeji, nimetia fundo jekundu kwenye ya chombo." Nimemwambia vyema.

Omari bado.

Jumapili, 13 Mfungo Nane

Wamerudi asubuhi.

Sikwenda pwani na wengine. Nilikuwa na mazoea yangu. Nilikaa kwenye kitanda kile kile, nikangoja mstari ufike kwenye kofia. Ulipofika, nikasikia hatua za Omari uwani. Ameingia amebeba kifuu cha baba yake kwa mikono miwili. Kimejaa tende.

"Mai tumefuta mara mbili tu njia nzima," amesema. "Kifuu hakikuwa na kazi. Nimekitia tende."

Tumezila wote wawili, na Maryamu, na kahawa ya tangawizi. Kokwa tumempa kuku. Hakuzitaka.

Alasiri nimekwenda pwani mwenyewe. Mtepe umelala ubavu juu ya mchanga. Nimeingiza mkono ndani, nikaitafuta kamba ya mbao ya tano, nikaipiga kwa ukucha, nikaweka sikio.

Haya.

Kisha nimekwenda karibu na mwamba nikafukia makumbi ya mwaka ujao.