Saa ya Baba Haina Betri

Le Locle, 9 Februari

Mdogo wangu Blaise,

Sisi hatujambo. Theluji imefika madirishani, na paka wa mama amezaa. Saa ya baba uliyonitumia nimeipata, pamoja na kikaratasi chako: "Naivaa kila siku kumkumbuka, lakini imekufa. Niwekee betri mpya."

Betri! Nilipowasomea wenzangu, karakana nzima iliangua kicheko. Mzee Gédéon akaniuliza, "Huyu kweli mtoto wa fundi saa, au mlimwokota?"

Saa ile hujitia ufunguo kwa mtikisiko wa mkono, bwana mkubwa. Nimeifungua, ni nzima kabisa. Mkanda wake wa ngozi una mkunjo mmoja tu, kwenye tundu la baba, na mkono wako ni nusu ya wake. Hukuivaa hata siku moja.

Mwezi wake wa mwisho, baba hakuweza hata kushika kijiko, lakini alikuwa akijikaza kuuinua na kuutikisa mkono wenye saa pale kitandani. "Blaise akija aikute inatembea," alisema. Ukaja kwenye mazishi.

Usiingoje. Nimeivaa mkono huu huu unaokuandikia, na inatembea.

Dada yako,
Edmée