Kinu Kisichojua Karanga

Bigwa, 9 Februari 1975

Kwa Bibi yangu mpendwa Magdalena,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu haikusumbui na mvua haijabomoa ukuta wa jiko. Mimi sijambo kiasi, na hicho kiasi ndicho kinachonifanya niandike.

Usishtuke, Bibi. Wiki iliyopita nilianguka darasani mbele ya watoto wangu wa darasa la tatu. Tangu mwaka jana wakati wa njaa, tulipokuwa tunakula unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na chochote kilichopatikana, nikila tu natokwa na mapele na tumbo linanikata. Basi nikaanza kuacha. Nikaacha samaki, nikaacha mayai, nikaacha maharage, mwisho nikawa naishi kwa chai na uji mwepesi. Nilificha, maana watu wenyewe walikuwa na njaa, na nani angemwelewa anayekataa chakula? Nimebaki kilo thelathini na saba.

Muuguzi wa zahanati, Mama Mwaisha, amenipa dawa ya ajabu: daftari. Kwanza nile wali, ndizi za kupika, boga na mboga za majani tu, nishibe, mara nne kwa siku. Mwili ukitulia, kila wiki naongeza kitu kimoja, na kila jioni naandika kilichotokea. Nikifika kilo arobaini na tano nitarudishiwa darasa langu. Lakini Bibi, naogopa sahani. Ikiwekwa mbele yangu naisogeza pembeni.

Mjukuu wako,
Kristina


Kinole, 23 Februari 1975

Kwa mke mwenzangu Kristina,

Marahaba. Mimi mzima, miguu ni ileile ya uzee. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa. Ukiona mistari inapanda usicheke, nami naishi mlimani.

Nimelia, halafu nimekasirika. Unaanguka mbele ya watoto wa watu na bibi yako yupo hai? Usidhani ukikonda nitakuonea huruma nikuachie mume. Marehemu babu yako Severini ni wangu, na alipenda mwanamke anayemaliza chakula chake.

Tomasi anayeshusha ndizi mjini atakuletea mikungu miwili, na mfuko wa majani ya kunde. Nimeyakausha na kuyatwanga mwenyewe yakawa unga. Koroga na maji ya moto, weka chumvi, basi. Kula mwanangu. Sina mwingine wa kunitania.

Mke mwenzio,
Bibi


Bigwa, 13 Aprili 1975

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Pole na mvua za masika. Asante kwa mifuko yote mitatu aliyoleta Tomasi.

Sina habari njema. Mwanzoni nilipanda hadi kilo thelathini na tisa, Mama Mwaisha akanipigia makofi. Nikaongeza yai, mapele yakarudi. Nikaliacha. Nikaongeza maharage, mapele. Nikayaacha nayo. Sasa hata siku ambayo sikuongeza kitu naamka nimevimba midomo. Nimeshuka tena, thelathini na nane. Daftari limejaa vitu nilivyovikata kwa mstari.

Nafikiri mwili wangu umekataa chakula chote, Bibi. Jana nilipika wali nikamwaga. Ninachokitia mdomoni bila hofu ni mboga zako tu, nazikoroga asubuhi na jioni. Zina ladha ya jikoni kwako. Nitumie tena, zinakaribia kwisha.

Mjukuu wako,
Kristina


Kinole, 20 Aprili 1975

Kristina,

Zitupe mboga zangu. Zitupe sasa hivi, halafu ndipo usome yaliyobaki.

Niliziwekea karanga. Kiganja kimoja kila mfuko, karanga nzuri za Gairo, nikazikaanga na kuzitwanga pamoja na majani. Wewe unajua nyumba hii. Kumpelekea mtu mboga bila karanga ni kumwambia hana thamani. Nilisoma barua yako ya kwanza mara nne na haikunijia kabisa kwamba karanga ni chakula. Kwangu zilikuwa kama chumvi. Nilisema zitakunenepesha kidogo. Ilikuwa siri yangu ya mapenzi.

Ulipoandika kwamba unazila asubuhi na jioni, kalamu ya mwalimu wa kisomo iliniponyoka. Nimekulisha ugonjwa kwa mkono wangu, mwanangu. Nisamehe.

Mwambie Mama Mwaisha. Yai na maharage huenda havina kosa. Tomasi nimemwambia asipumzike njiani mpaka barua hii iwe mkononi mwako. Shikamoo yako nimeipokea.

Bibi


Bigwa, 29 Juni 1975

Kwa mke mwenzangu Magdalena,

Shikamoo. U hali gani? Umenyamaza tangu Aprili, na Tomasi ananiambia tu "Bibi yupo." Kama unaona aibu, acha. Hakuna aliyewahi kunipenda kwa kiganja kizima namna hiyo.

Mama Mwaisha alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanuna, akasema karanga tusahau. Tulianza upya. Wiki sita wali na ndizi. Kisha yai: hakuna kilichotokea. Maharage: hakuna kilichotokea. Samaki, wiki iliyopita: hakuna kilichotokea. Ni polepole mno, kuna wiki napata kilo nzima, kuna wiki sipati kitu. Leo ni kilo arobaini na nne.

Imebaki hofu moja. Tangu Aprili sijala chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Mwenzangu wa shule alinikaribisha, nikaaga kabla hajapakua. Nataka kuja kwako Julai, Bibi, lakini sijui kama nitaweza kula.

Mjukuu wako,
Kristina


Kinole, 17 Agosti 1975

Kwa mwalimu Kristina,

Marahaba, hata kama hujaniamkia leo. Mimi mzima. Tomasi anasema umerudi darasani na unapiga kelele mpaka barabarani. Mungu ashukuriwe.

Siku ile ulipofika Julai uliona kinu kipya ukadhani cha zamani kilipasuka. Hakikupasuka. Kile kimekunywa mafuta ya karanga miaka thelathini, hakioshiki. Nilimpa jirani, nikamwomba fundi Ignas anichongee hiki. Ndiyo sababu nilinyamaza, sikutaka kukuita kabla hakijaisha. Chungu pia ni kipya. Nami sijaonja karanga tangu Aprili, na meno yangu yote manne yananishukuru.

Sikukwambia mezani kwa sababu niliona mikono yako. Ilitetemeka sahani ya kwanza. Ya pili haikutetemeka.

Sasa sikiliza. Ulisahau daftari lako chini ya mkeka. Nilitaka kumpa Tomasi alilete siku ileile, kisha nikasema ngoja aliulizie. Zimepita wiki nne, hujaliulizia. Basi nimelisoma lote, nimelia penye mistari, na kwenye ukurasa wa mwisho, pale ulipoacha wazi, nimeandika mwenyewe:

20 Julai. Mboga za Bibi. Sahani mbili. Hakuna kilichotokea.

Mke mwenzio,
Bibi