Ushirika Amewika

Jumatatu, 3 Juni 1996

Leo alfajiri jogoo amewika ndani ya nyumba yangu. Sina jogoo. Jogoo wangu wa mwisho aliliwa kwenye msiba wa mume wangu Masunga, mwezi wa pili, na waliomla walilalamika kwamba ni mgumu.

Nikadhani naota. Nikawasha kibatari, nikaenda sebuleni kwenye lundo la pamba. Juu kabisa ya lundo, shingo ameinyoosha kama mwanakwaya — Ushirika. Kuku wangu jike! Amefumba macho. Akawika tena, sauti ikapasuka katikati kama ya mvulana anayebalehe. Halafu akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyewika.

Masunga ndiye aliyempa jina hilo. Alimnunua Maswa, akamleta kwenye kikapu, kikapu kwenye usukani wa baiskeli. Akasema, huyu anapiga kelele wiki nzima, yai lenyewe unalisubiri mpaka unakata tamaa. Ushirika mtupu! Wakati ule pamba tulikuwa tunauzia chama cha ushirika peke yake, na malipo tunayasubiri msimu mzima. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao, na Masunga hayupo kuwapa majina.

Tangu tumzike, kuku huyu hajataga hata yai moja. Nilijua anaomboleza. Nikawa namwongezea mtama.

Jumanne, 4 Juni

Nyanjige amekuja kuomba chumvi. Ni jirani mwema, ila mdomo wake hauna kitasa. Tumesalimiana, mwangaluka, mhola, nimempimia chumvi kwenye kiganja. Ndipo Ushirika akapanda kwenye kinu na kuwika. Mchana kweupe!

Chumvi ikamwagika yote.

"Mama Kulwa! Huyo si jike?"

Nikasema ni jike.

"Na bado anapumua?"

Najua anachosema. Kwetu kuku jike akiwika anachinjwa siku hiyohiyo, hasubiriwi. Mama yangu alimchinja mmoja kabla ya uji, nikiwa mdogo. Anayemwacha anakaribisha kifo nyumbani. Nikamwambia Nyanjige kwamba kifo kilishakuja, na siku hiyo kuku alikuwa kimya kabisa.

Akafikiri kidogo. "Basi ni hivi, mayu. Nyumba haina ngosha. Kuku ameona nafasi ya kazi iko wazi, akaomba."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Sijacheka hivyo tangu mwezi wa pili, na nyumba hii hii haina mwanamume kweli. Kisha akainuka, sasa hacheki, akasema wakwe zangu wa Nkoma lazima wajulishwe. Ameondoka na chumvi nyingine.

Jioni nimemtazama vizuri. Kishungi kimekua, chekundu kama pilipili. Mkia unaanza kupinda. Anatembea kifua mbele. Kama mtu aliyepewa cheo juzi.

Jumatano, 5 Juni

Nimembeba Ushirika hadi kwa Hilali. Zamani alikuwa bwana mifugo wa serikali: dawa zilikuwa bure, ila hazikuwepo. Akapunguzwa kazini. Sasa ana duka lake karibu na stendi: dawa zipo, ila si bure. Mtu yuleyule, koti lilelile.

Amemgeuza, amempapasa tumbo, amepuliza manyoya. Hakuogopa. Alifurahi! Aliwahi kusomeshwa habari hiyo chuoni, hajawahi kuiona kwa macho. Akafunga mlango wa duka tusisumbuliwe.

Akaweka maharage mawili mezani. Kumbe kuku jike ana vifuko viwili vya mayai, lakini kinachofanya kazi ni cha kushoto tu! Cha kulia kimelala tangu yeye kifaranga. Cha kushoto kikiugua kikafa, cha kulia kinaweza kuamka. Ila kikiamka hakitoi mayai. Kinageuka. Kinakuwa...

Hapo Hilali akakwama. Akaangalia dari.

"Kinakuwa kama kile kitu cha... cha upande wa baba, mama."

Nikamwambia nimezaa mapacha, aseme tu. Akasema kwa sauti ya chini, korodani, na akalifunika lile harage la kulia kwa kiganja.

Nikauliza, na mkia? Hapo ndipo nilipozidi kushangaa. Siku zote nilidhani jogoo ndiye aliyeongezewa mapambo. Sivyo! Wangeachwa wenyewe, wote wawili wangevaa manyoya ya jogoo. Jike anazuiwa na kitu fulani kinachotoka kwenye kile kifuko chake na kutembea ndani ya damu. Kitu hicho kikikauka, ujogoo unajitokeza wenyewe. Ulikuwepo chini siku zote, unangoja.

Nikauliza kama atataga tena. Hapana. Nikauliza kama atapanda majike.

"Atajaribu," alisema Hilali.

Kisha akaendelea bila kufikiri: hata kwa binadamu kuna mfano wake. Mama akishavuka umri wa kuzaa, vitu kama hivyo vikipungua kwenye damu, ndipo vinywele vinachungulia kidevuni. Akaniangalia kidevu. Akaviona. Akaanza kupanga upya chupa za dawa ya kupe.

Nimenunua dawa ya minyoo, kwa heshima tu.

Jioni. Vinywele vyangu ni vitatu. Masunga ndiye aliyekuwa ananing'olea, Jumapili kabla ya misa. Alikuwa fundi baiskeli, na alitumia koleo lake dogo la kazini. Ananishika kidevu, mkono unanuka grisi hata baada ya kuoga, ulimi umetoka kidogo, kama mtu anayetoa mwiba kwenye tairi. "Tulia, Mama Kulwa. Huyu ni sugu."

Tangu aondoke sijavigusa. Koleo limo ndani ya sanduku lake la kazi, sebuleni. Sijalifungua.

Ijumaa, 7 Juni

Dereva wa lori la pamba ameleta ujumbe kutoka Nkoma. Shemeji Mashimba, kaka mkubwa wa marehemu, anakuja Jumapili. Kuku atachinjwa naye mwenyewe, kwa kisu cha baba yao. Halafu tutazungumza habari ya nyumba hii kukosa mwanamume: mimi na nyumba tuwekwe chini ya nani.

Nyanjige alikuwa anafagia uwanja wake ambao alikuwa ameshaufagia. Hakuinua macho.

Simtoi. Nimeandika ili nione linavyokaa kwenye karatasi. Simtoi.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya aibu! Asubuhi Ushirika ameruka ua, ameenda kumchokoza jogoo wa Nyanjige nyumbani kwake. Wamepigana. Jogoo wa Nyanjige amekimbia, amejificha chini ya kitanda cha watu! Nyanjige akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mama Kulwa! Njoo umchukue mume wako!"

Habari zimefika stendi kabla yangu. Wapakiaji wa mizigo wananipigia makofi. Mmoja amesema, basi ni kweli, Ushirika umebinafsishwa! Nimejifanya sikusikia. Masunga angelisikia hilo, angecheka wiki nzima, angelirudia mpaka mimi nichoke.

Hilali amenionea huruma, kanipa siri. Jogoo hawezi kuwika mpaka asimame na kunyoosha shingo yote juu. Mlio unatengenezwa chini kabisa kifuani, unahitaji njia iliyonyooka. Mweke chini ya tenga fupi, shingo ikigonga juu, atafungua mdomo bure.

Nimejaribu. Kweli! Umetoka mlio kama baiskeli inayoishiwa upepo. Fyuuu. Amejaribu tena. Fyuuu. Ameniangalia kupitia matundu ya tenga, na nimeona aibu kuliko ya stendi.

Lakini kimya. Kesho nitamwambia shemeji kwamba ameacha. Ilikuwa ugonjwa tu, umepita.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji amefika baada ya misa, juu ya baiskeli ambayo Masunga alimtengenezea kwa vipande vya baiskeli tatu zilizokufa. Bado inalia kila upande isipokuwa kengele. Kisu kimefungwa nyuma kwenye keria, ndani ya kitambaa safi.

Amekula michembe ya viazi vikavu na karanga, ameuliza habari za watoto wangu walioko Mwanza, ameuliza bei ya pamba mwaka huu, nani anaijua? Kila mnunuzi ana yake. Halafu akanawa mikono.

"Shemeji, yuko wapi?"

Ule uongo nilioupanga nikauacha. Nikamtoa Ushirika chini ya tenga. Nikaleta maharage mawili, nikayaweka kwenye mkeka, nikaeleza kama nilivyoelezwa. Kushoto, kulia, kilicholala, kilichoamka. Lile neno la Hilali nililisema haraka. Shemeji aliangalia dari, vilevile kama Hilali. Wanaume!

Akaliokota harage la kulia. "Limeamka?"

"Limeamka."

"Na sasa ni la kiume?"

"Ndivyo anavyosema aliyesoma, shemeji."

"Aliyesoma ndiye aliyekuuzia dawa ya minyoo?"

Nikalipangusa harage lililobaki.

Hapo Ushirika akapita mbele yake, kifua mbele, akasimama. Akalaza kichwa upande mmoja, jicho moja limemkazia. Masunga alikuwa anatazama hivyo gurudumu lililopinda, kabla hajaligusa. Sikusema. Shemeji ndiye aliyesema: "Mdogo wangu alikuwa anatazama hivi." Sauti ikapasuka katikati.

Akapenga kamasi muda mrefu. Akarudi kuwa mkubwa wa ukoo.

Mwiko, akasema, ni wa jike anayewika. Jogoo akiwika hana kosa, ni kazi yake. Sasa swali ni moja tu: huyu ni nani? Tusibishane kwa maharage. Jogoo wa kweli ana saa tumboni, hata ukimfungia gizani anajua kunapambazuka. Kesho alfajiri majogoo wa mtaa wakiwika, huyu naye aitike. Akiitika, ni jogoo, abaki. Na nyumba ina mwanamume wake, yeye hana tena la kuzungumza. Asipoitika, ni jike aliyepotoka.

"Nachinja kabla ya chai."

Nyuma ya ua wa minyaa mtu akakohoa kukubali. Nyanjige.

Nimesema sawa! Nimefurahi mno. Kuwika si ndiyo kazi anayoijua? Shemeji mwenyewe amemfunika ili asitoroke, ameweka jiwe juu ya tenga, amejitandikia pembeni yake kwenye pamba. Ameshaanza kukoroma, kisu kiko chini ya mto.

Mungu wangu. Nimekumbuka sasa, nikiandika. Tenga. Amemfunika kwa lile fupi.

Jumatatu, 10 Juni

Kunapambazuka. Naandika nimesimama, mlango wa jikoni, daftari juu ya mtungi. Nisipoandika nitapiga kelele.

Nilitaka kuliinua lile jiwe kimyakimya. Shemeji amelala, mkono mmoja ukiwa juu yake.

Jogoo wa Nyanjige amewika. Alitoka chini ya kitanda, basi. Na chini ya tenga — fyuuu.

Shemeji ameketi. Nyuzi za pamba zimemjaa kichwani, amezeeka kwa usiku mmoja. Amesikiliza. Jogoo wa Nyanjige tena. Fyuuu.

"Umesikia, shemeji? Huko siyo kuwika." Ametoa kisu kwenye kitambaa. Polepole. Hana haraka nacho.

Nimemwambia. Nimesema tenga ni fupi, shingo haipandi, ni mimi niliyemweka humo tangu juzi ili wewe usimsikie.

Amenitazama. Nilingoja anifokee.

"Kwa hiyo umemziba mdomo shahidi wako mwenyewe!" Amecheka kwa pua, cheko la Masunga kabisa. Ameondoa jiwe kwa mikono yake.

Ushirika ametoka. Amejikung'uta. Amekunya kwenye pamba ya daraja la kwanza. Amepanda juu ya sanduku la kazi la Masunga, amejipanga vizuri kama anayepigwa picha.

Na amenyamaza.

Jogoo wa katekista amewika, upande wa kanisani. Ushirika anachagua manyoya ya kwapani.

Nyanjige yupo mlangoni, khanga begani, leo hajapiga hodi. Ameshika kiganja cha chumvi. Amekuja kurudisha chumvi, saa hizi!

Jogoo mwingine, mbali kabisa. Shemeji amehesabu kwa kichwa, kisha akaacha kuhesabu. Kisu kipo mkononi lakini ncha inaangalia chini. Najishika kidevu. Vinywele vyote vitatu vipo.

Kweupe kunaingia dirishani.

Shemeji amepiga magoti mbele ya sanduku, uso kwa uso na kuku. Ananong'ona. Hajui kama namsikia.

"Haya, mdogo wangu. Wika basi."

Ushirika amelaza kichwa, amemtazama. Amefumba macho. Shingo inapanda —