Ulivyowajua Watu kwa Wanachoongeza Sahanini

Mama yangu,

Wiki hii nimepita Holili, nikasimama pale ulipokuwa mgahawa wako, hatua chache kutoka mpakani. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoanza kukusaidia pale, na nilikuwa mjuaji kweli. Niliona aibu kwa yale makopo na chupa ulizojaza kila meza. Nikakwambia, "Mama, weka chumvi na tomato sosi basi. Mbona tunahangaika?"

Ukanijibu huku unakatakata vitunguu, "Chakula nimepika mimi. Ladha ya kwao siwezi kuwanyima."

Nikaanza kuangalia. Mkenya aliyevuka kutoka Taveta akiagiza chipsi, alitafuta tomato sosi kabla hajakaa. Madereva wa Tanga waliulizia achari. Dada mmoja wa Singida alikuja na karanga zake za kusaga, ukamkorogea kwenye mchicha. Jamaa wa Kigoma aliyatazama maharage yetu kwa huruma, akauliza kama kweli hatuna mafuta ya mawese. Na wazee wetu wa Kilema walitaka chumvi tu, tena kidogo, wakishangaa hao wengine wanaficha nini. Mtu akivuta kiti tu, uliniambia kwa sauti ya chini, "Huyo mpelekee ndimu." Mara chache sana ulikosea.

Lakini siku isiyonitoka ni ile ya yule babu.

Alishuka kwenye basi la kutoka Moshi, amevaa shati safi, hana simu, hana kitambulisho, hana mzigo. Kila alichoulizwa alijibu, "Nakwenda nyumbani." Nyumbani wapi, hakujua. Watu wakasema apelekwe polisi. Ukasema, "Ataenda. Ale kwanza."

Ukamwekea wali na maharage. Hakugusa. Ukamsogezea pilipili ya kusaga, akageuza uso. Tomato sosi hakuiangalia. Karanga, hapana. Ndipo ukaleta chupa ya achari ya mbirimbi, yale matunda machachu ya Pwani, uliyoletewa na Saidi, dereva wa lori kutoka Pangani. Babu akainusa. Akachota kijiko kimoja, akaanza kula kwa haraka, machozi yanamlengalenga. Kisha akasema, waziwazi kabisa, "Mwanaidi leo kazidisha chumvi."

Niliweka jagi la maji mezani, nikakutazama wewe.

Ulimpigia Saidi saa ileile. Tukamtumia picha ya babu, naye akaituma kwao. Kabla jua halijazama simu ikaita. Mwanaidi alikuwa binti yake, yuko Pangani. Kaka yake Mwanaidi aliishi Rau, pale Moshi, na ndiye aliyemleta baba yao mjini kutibiwa. Babu alitoka getini asubuhi hiyo, na mtaa mzima ulikuwa unamtafuta.

Yule mwanawe alifika na teksi. Alikushika mikono yote miwili, akasema, "Shikamoo, mama." Akaisema shikamoo tena.

"Marahaba, mwanangu," ukamjibu. "Mchukue baba. Na hiyo achari mwende nayo."

Huu ni mwaka wa pili tangu tukulaze Kilema, kando ya kaburi la baba. Juzi nilimuuliza mama mdogo jambo ambalo sikuwahi kukuuliza wewe: ulipenda nini kwenye sahani yako? Maana ulikula mwisho, jikoni, umesimama.

Akanishangaa. "Hujui? Ukoo huu hakuna aliyependa pilipili kama mama yako. Aliiacha baba yako alipopata vidonda vya tumbo. Alisema hawezi kula mbele ya mume wake kitu ambacho mwenzake anakitamani."

"Na baba alipofariki?"

"Akasema ameshamwahidi."

Sijui niliweke wapi jibu hilo, Mama. Miaka yote ile pilipili ya wageni uliisaga kwa mikono yako, ukaijua kwa harufu tu kama imekolea, kisha ukanipa mimi kijiko nionje. Nilidhani unanifundisha kazi.

Pumzika. Na huko uliko, ule umekaa.

Binti yako wa mwisho