Bomba Lililosimama Bure

Mama yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu, na uipokee ukiwa umekaa, maana barua ya leo ni ndefu kuliko kawaida yangu. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inakusaidia, au umeshawagawia majirani yote? Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaolalamika, nao nimeuzoea kama jirani mkorofi. Nakuandikia wakati wa mapumziko ya mchana, nimekalia ndoo ya rangi, kwa hiyo ukiona alama ya kidole chenye saruji usinung'unike, ndio muhuri wangu.

Barua yako nilipewa mkononi na dereva wa lori la vigae. Nimeisoma mara nne. Umesema bafu la nyumba mpya linanuka hata mgeni akipiga hodi inabidi umkaribishe uani. Umesema choo kikivutwa, sinki la jikoni linakoroma kama mlevi. Na umesema mkamwana wako ni mvivu, hajui kusugua, mmekwaruzana mpaka amefunga nguo zake akaenda kwao. Sasa unataka mimi, kama kaka mkubwa, nimwandikie mdogo wangu asimrudishe mkewe mpaka afundwe usafi. Hapo kwenye kukoroma ndipo nilipouweka mkate chini.

Ngoja kwanza nikueleze kazi ya huku. Tunajenga nyumba kumi na mbili, zote sura moja, nami wamenitia kwenye kikosi cha mabomba. Mkuu wetu ni fundi bomba mfupi tunayemwita Rula, kwa sababu hata mkate anaupima kabla ya kuukata. Siku ya kwanza aliniuliza kama kazi naijua. Nikajigamba kwamba nyumba ya mama yangu nimeilazia mabomba mwenyewe. Akauliza bomba la hewa je. Nikamwambia lipo, limepita mpaka juu ya paa. Akasema hakuuliza limeishia wapi, anataka kujua limeanzia wapi. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao bila kujua ninachochekea.

Basi akachukua chupa iliyojaa maji, akaipindua. Maji yakatoka kwa kukwamakwama, glu, glu, glu. Akasema ndivyo linavyofanya bomba lisilo na hewa. Maji mengi yakishuka kwa nguvu yanavuta hewa popote yanapoipata, na yananyonya hata yale maji machache yanayokaa kwenye kona iliyopinda chini ya sinki. Maji yale ndiyo kifuniko. Yakishanyonywa, harufu ya shimoni inapanda yenyewe chumbani, na hapo hata ukisugua mpaka vidole vichubuke, unasugua bure. Hewa ikiwa na njia yake, harufu inatokea juu ya paa ikawasumbue ndege.

Sasa, Mama, nisikilize mpaka mwisho. Nilipolaza mabomba ya bafu sikuweka kiungo cha kupandishia hewa. Nilidhani ni mbwembwe za wenye nyumba kubwa. Zege likamwagwa, ukaipiga sakafu niru nyekundu, ile saruji laini ya kung'arisha, kwa mikono yako, ukawa unaitembelea pekupeku, viatu umevishika, unacheka peke yako. Kesho yake ukauliza mbona nyumba ya mwalimu ina bomba refu kwa nyuma na yetu haina. Kuliunga kulitaka niipasue sakafu ile. Nikaitazama miguu yako, nikashindwa. Ulipokwenda dukani nikachimba nyuma ya bafu, nikachukua bomba refu lililobaki, nikaziba mdomo wake wa chini kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nikalisimamisha ukutani, nikafukia. Uliporudi nikakwambia nyumba sasa inapumua. Ukaita majirani waje waone. Lile bomba halijaungwa na kitu chochote, Mama. Limesimama tu kama mlinzi anayesinzia. Mdogo wangu achimbe chini yake, kina cha mkono mmoja, ataikuta karatasi.

Kwa hiyo ulichoniomba siwezi kukiandika. Mkamwana wako amesugua kosa langu miezi minne. Ningekupigia simu, lakini najifahamu, ningeanza na habari za mvua na kumaliza nazo. Nakuomba uende kwao wewe mwenyewe, usimtume mtu, ukamsomee barua hii yote, hata pale penye neno mvivu. Ukiona aibu, mwambie aibu ni yangu, wewe umeibeba tu.

Kwa sasa, kila mkivuta choo, mimineni kopo la maji kwenye sinki na kwenye tundu la bafu. Mwisho wa mwezi nitakuja kwa siku tano. Nilipomweleza Rula haya yote, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanikabidhi tindo yake, ambayo hampi mtu. Nitapasua kona moja ya sakafu, upana wa sinia. Niru mpya haitafanana na yako, alama itabaki. Uikanyage tu kila siku, Mama, unikumbuke.

Nisalimie mdogo wangu. Majirani uliowaita kutazama bomba usiwaambie kitu, nitawaambia mwenyewe. Nikifika mlangoni nataka mnipokee watatu, na wa kwanza nitakayemwamkia atakuwa mkamwana wako.

Ni mimi mwanao mkubwa,
uliyenitangaza fundi kabla sijawa.